Mikoba Sitini ya Bi Futi

Shangazi yangu hakulipenda neno "kawaida". Mtu akiingia katika chumba chetu cha ushonaji na kusema, "Nishonee tu saizi ya kawaida," shangazi alivua miwani, akaiweka juu ya cherehani, kisha akajibu kwa upole, "Mwili wa kawaida sijawahi kuushona. Nimeshonea watu tu. Hebu simama wima nikupime."

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya jengo la kampuni ya bima ya afya, ghorofa ya chini, kati ya stoo ya karatasi na mlango wa kupakulia mizigo. Kilikuwa na dirisha moja, meza ya kukatia iliyotandikwa blanketi kuukuu, cherehani mbili, pasi nzito, na ubao wa misumari ambapo vibiringo vya uzi vilipangwa kwa rangi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Kazi yetu ilikuwa kushona sare za wafanyakazi mia mbili na kumi na wawili, mapazia ya ofisi zote, na vitambaa vya meza vya ukumbi wa mikutano. Shangazi alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na mmoja. Mimi nilijiunga naye baada ya kupata cheti cha ushonaji katika chuo cha ufundi. Siku yangu ya kwanza alinipa mkasi, akaniambia nikate kipande cha sentimita kumi, akakipima, akakitupa kwenye kapu. Kilikuwa na sentimita kumi na milimita mbili.

Jengo zima lilimwita Bi Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata alipokwenda kula. Katika droo iliyofungwa kwa ufunguo alitunza daftari kubwa la jalada jeusi. Humo kila mfanyakazi alikuwa na ukurasa wake: mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono, mzunguko wa mkono juu ya kiwiko. Watu walitania kwamba daftari hilo likiibwa, ndoa kumi zitavunjika siku hiyo hiyo. Shangazi hakuucheka utani huo. Kwake yeye, kipimo cha mtu kilikuwa siri sawa na ugonjwa wake, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akimtajia mtu kiuno cha mwenzake.

Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Jumatatu moja asubuhi aliingia Meneja wa Wajibu kwa Jamii, amekumbatia boksi. Kazi ya idara yake ilikuwa kuirudishia jamii sehemu ya kile ambacho kampuni inapata: mahema ya kupima afya bure kila mwaka, madawati, vyandarua. Watu walimwita Bwana Picha, kwa kuwa hakuna jema lililotendeka bila yeye kulitafutia mpiga picha. Lakini alikuwa mtu mwema, na ni haki niseme hivyo mapema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini, keki?"

"Zaidi ya keki! Mashine za presha. Sitini. Zinakwenda kwenye zahanati sitini za pembezoni, zile ambazo hata kipimajoto wanaazimana. Mkurugenzi anazikabidhi Ijumaa ya wiki ijayo. Sasa, kila mashine nataka iwe na mkoba wake. Wa bluu, nembo mbele, zipu, na mshipi wa begani. Jumatano ya wiki ijayo nije nichukue."

"Mikoba sitini, siku tisa, watu wawili."

"Mama, wewe ukiamua, hata jengo hili utalivalisha suruali."

"Zipu nitaiweka wapi? Toka hapa. Acha hilo boksi."

Alitoka akicheka. Aliacha pia karatasi ya agizo: mikoba sitini, bluu, nembo, zipu, mshipi. Shangazi aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani kwa pini.

Sisi hatushoni kifuko cha kitu tusichokifahamu. Shangazi alitoa mashine moja, akaiweka juu ya blanketi, akaanza kuipima huku nikiandika: urefu sentimita kumi na nne, upana kumi na moja, kimo saba. Kisha akauchukua ule mkanda wa kitambaa unaozungushwa mkononi na kujazwa hewa. Aliukunjua, akaulaza chali, akaupitishia kidole kwenye mshono kama anavyoupitisha kwenye pindo la mwanafunzi. Karibu na ukingo palikuwa na maandishi madogo.

"Nisomee, wewe mwenye macho mapya."

"Mzunguko wa mkono, sentimita ishirini na mbili hadi thelathini na mbili."

"Na wangu?"

Sikuhitaji kufungua daftari. "Thelathini na saba, shangazi."

"Nifunge."

Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono iliyonyanyua majora ya kitambaa tangu ujanani. Mkanda ulimtosha kwa shida. Nilivuta, nikaunganisha ncha kwa kipande kidogo tu cha ule utepe wa kunata, nikabonyeza kitufe. Mashine ilinguruma, mkanda ukavimba, ukaachia kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa.

Nilijua anachokumbuka. Mwaka uliopita, kwenye mahema ya Siku ya Afya, mpimaji aliushika mkanda kama huo kwa kiganja ili usifunguke, akasoma mia hamsini na mbili, akamwandikia kwamba ana presha. Tangu siku hiyo shangazi aliacha chumvi, akaacha chai, akaacha hata kucheka kwa nguvu, akihofia mshipa kupasuka.

Wakati huo huo mlinzi wa lango aliingia kuchukua suruali yake tuliyoipunguza kwa mara ya tatu. Alikuwa mrefu na mwembamba kiasi kwamba watu walimwita Sindano.

"Sindano, njoo hapa. Kunja shati."

"Bi Futi, kama ni posa, mimi nina mke."

"Nani akutake wewe? Nikikuangusha chini hapa nitakutafuta kwa sumaku. Lete mkono."

Mkono wake ulikuwa na sentimita kumi na tisa. Mkanda ulimzunguka, ukapita, ukaning'inia kama soksi ya kuazima. Sindano alijitapa kwamba yeye hana haja ya kupimwa, kwani mwaka jana pale mahemani aliambiwa ana presha ya kijana. Shangazi alimshika kiwiko, akampeleka hadi ghorofa ya kwanza, kwenye zahanati ndogo ya wafanyakazi, na mimi nikafuata nimebeba mashine.

Muuguzi wa pale alikuwa mama mtulivu asiyepoteza neno. Alimkalisha Sindano dakika tano bila kumruhusu kuongea, jambo ambalo peke yake lilikuwa tiba. Akampima kwa mkanda wetu: mia thelathini na sita kwa themanini na nne. Kisha akafungua droo ya chini, akatoa mkanda mwembamba uliokuwa bado na mkunjo wa kiwandani. Akampima mara tatu. Kila mara namba zilicheza karibu na mia arobaini na saba kwa tisini na tatu.

"Mashine ni ile ile?" shangazi aliuliza.

"Ni ile ile. Mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono, namba zinashuka. Ukiwa mdogo, zinapanda. Tulifundishwa darasani." Akatazama mezani. "Mahemani mwaka jana tulikuwa na foleni ya watu mia nane, na mkanda wa aina moja kila meza. Nilipima tu, mwenzangu. Nilipima tu."

Akampima shangazi kwa mkanda mpana. Mia thelathini na moja. Kisha akamgeukia Sindano, akamwambia arudi kesho na keshokutwa apimwe tena, ndipo aonane na daktari. Sindano, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na utani.

Nilidhani shangazi angefurahi. Alikaa kwenye benchi la zahanati, utepe shingoni, mikono mapajani, akikitazama kikaratasi ambacho muuguzi aliandikia namba za Sindano.

"Mdogo wangu," alisema hatimaye.

Mdogo wake ni baba yangu. Baba alikuwa seremala, mwembamba, mwenye mkono usiofika sentimita ishirini na mbili. Miaka mitano iliyopita kichwa kilikuwa kinamuuma kila siku, na shangazi ndiye aliyemleta kwenye mahema ya kampuni yake apimwe bure. Aliambiwa presha ni safi. Ile karatasi aliipigilia msumari kwenye ukuta wa karakana, na kila mama alipomwambia aende hospitali, aliielekezea kidole. Miezi minne baadaye alianguka kando ya meza yake ya kupigia randa. Alinusurika, lakini mkono wake wa kulia haujashika randa tena.

Sisemi kwamba mkanda ndio uliomwangusha baba. Hakuna anayeweza kulijua hilo, na muuguzi mwenyewe alisema hivyo hivyo. Lakini shangazi alikuwa akizitazama namba za Sindano kwenye kile kikaratasi, na nilijua kuanzia dakika ile kwamba mashine sitini hazingetoka katika jengo lile na mkanda mmoja, labda yeye awe ametolewa kwanza.

Tuliporudi alifungua droo, akatoa daftari jeusi. "Soma mikono tu," alisema. "Majina usiyasome hata kimoyomoyo." Nilisoma kurasa mia mbili na kumi na mbili, naye akachora vijistari kwa chaki juu ya meza, katika mafungu matatu. Tulipomaliza tulihesabu mara mbili, kisha tukabadilishana upande tukahesabu tena. Mikono mia moja arobaini na mitatu ilienea katika mkanda ule. Hamsini na mmoja ilikuwa minene zaidi. Kumi na minane ilikuwa myembamba zaidi.

"Sitini na tisa," shangazi alisema. "Na hawa ni watu wenye mishahara, wanaokula. Huko zahanati za pembezoni je?"

Alipanda ghorofa ya tatu kwa Bwana Picha mchana huo huo, nami nikiwa nyuma yake. Alimweleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Bwana Picha alisikiliza kweli. Alitoa hata nakala ya fomu ya ununuzi kutoka kwenye faili, akaisoma upya. Palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Ukubwa wa mkanda", na hapo, kwa mwandiko wake mwenyewe, palijazwa: wa kawaida.

"Mama, nimekuelewa. Wallahi nimekuelewa. Lakini mikanda mingine ni ya kuagiza. Wiki tano. Kadi za mwaliko zimeshatoka, waandishi wa habari wanakuja. Tutoe hizi sasa, mwakani tutaleta mikanda."

"Na mwaka huu ziseme uongo?"

"Uongo kidogo tu. Si bora kuliko kukosa kabisa?"

"Asiye na mashine anajua hajapimwa, mwanangu. Atakwenda kutafuta pengine. Aliyepimwa vibaya anarudi nyumbani kulala."

Bwana Picha alipangusa paji la uso. "Bi Futi, naomba unishonee mikoba. Hilo ndilo lako. Haya mengine niachie mimi."

"Nitashona," shangazi alijibu.

Tuliposhuka, aliitoa ile karatasi ya agizo ukutani, akaisoma kwa mara ya tatu. Kisha akachukua karatasi ya kukatia, akachora mkoba upya. Aliupanua kwa sentimita sita. Ndani yake, mbele ya nafasi ya mashine, alichora mifuko mitatu iliyosimama wima, ubavu kwa ubavu, mmoja mwembamba, mmoja wa kati, mmoja mpana.

"Shangazi, ya nini yote hii? Mkanda ni mmoja."

"Hapa pameandikwa mikoba sitini, bluu, nembo, zipu, mshipi. Idadi ya mifuko ya ndani imeandikwa?"

"Haikuandikwa."

"Basi kata."

"Watakufukuza. Umebakiza miezi minane."

Alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu," alisema, kwa sauti anayoitumia anaponionea huruma, "mimi maisha yangu yote nimesema kwa sindano. Mdomo wangu haujawahi kusikilizwa ghorofa ya tatu. Kata."

Nilikata. Kila mfuko ulipata maandishi yake kwa uzi mweupe: Mkono Mwembamba. Mkono wa Kati. Mkono Mnene. Chini ya kifuniko alishonea utepe wa sentimita arobaini na mbili, uliogawanywa kwa rangi tatu: njano hadi sentimita ishirini na mbili, kijani hadi thelathini na mbili, nyekundu hadi mwisho. Zungusha utepe mkononi, tazama umekutana kwenye rangi gani, chagua mfuko. Ulishonewa pale pale ili usipotee wala asije mtu akaufanya kamba ya kufungia mlango. Tulishona mikoba saba kwa siku, siku nne tukashona minane. Vidole vyangu viliota sugu. Mshono uliopinda aliufumua mwenyewe na kunirudishia bila neno.

Jumatano Bwana Picha alikuja na toroli. Alishangilia bluu, akashangilia nembo, akafungua zipu ya mkoba wa kwanza. Akafungua wa pili. Wa tatu.

"Mama, umenimaliza."

"Hujaipenda rangi?"

"Mifuko miwili mitupu! Imeandikwa kabisa! Mtu akifungua ataona tumepungukiwa."

"Ataona hivyo," shangazi alikubali, huku akipiga pasi mkoba wa sitini.

Hapakuwa na muda wa kushona upya, na wote watatu tulilijua hilo. Bwana Picha alizunguka meza mara mbili, kisha uso wake ukang'aa. "Vipeperushi! Tunavyo maelfu stoo. Tutajaza vipeperushi vya kampuni." Na kweli, jioni ile alivua koti, akajaza mwenyewe mifuko mia moja na ishirini kwa vipeperushi vya rangi. Shangazi alimwazima hata kiti.

Alhamisi yalifanyika mazoezi ya sherehe katika ukumbi wa mikutano. Sisi tulikuwepo kwa sababu ya vitambaa vya meza: meza ya mbele ilikuwa mpya, ndefu kuliko ile ya zamani, na pindo lilipaswa kushushwa pale pale. Shangazi alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, pini sita mdomoni. Mkurugenzi aliingia na wakuu wa idara. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na watu walinyamaza wenyewe ili kumsikia. Bwana Picha alimweleza mpangilio: hotuba, kisha muuguzi atampima Mkurugenzi presha mbele ya kamera kama mfano, kisha makabidhiano.

"Vizuri," Mkurugenzi alisema, akaunyanyua mkoba mmoja. "Kazi safi hii." Akafungua zipu. Alivaa miwani yake, akasoma polepole kama anayesoma mkataba. "Mkono Mwembamba." Akatia vidole ndani ya mfuko, akachomoa kipeperushi cha familia inayotabasamu. Akasoma mfuko wa mwisho. "Mkono Mnene." Akachomoa familia nyingine inayotabasamu. "Hiki ndicho mnachomfunga mgonjwa mkononi?"

Wakuu wa idara walicheka, kisha wakagundua kwamba yeye hakucheka.

"Mzee, fundi alizidisha mifuko," Bwana Picha alisema.

"Fundi yuko wapi?"

Shangazi alisimama nyuma ya meza. Aliondoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini cha mkononi, zote sita, na ukumbi mzima ukamsubiri amalize.

"Ni mimi, mzee."

"Kwa nini mitatu?"

"Kwa sababu miili ina tofauti, mzee. Mkanda uliomo ni wa mkono wa kati tu. Nina vipimo vya watumishi wako wote. Kati ya mia mbili na kumi na wawili, sitini na tisa mkanda huu si wao. Majina sitayataja. Hata wewe ukurasa wako nausitiri, lakini ukiniruhusu, kesho wanataka kukupima mbele ya watu. Bora tujaribu leo tukiwa wenyewe."

Mkurugenzi alivua koti, akakunja shati, akanyoosha mkono. Shangazi alizungusha utepe wa mkoba. Ulikutana kwenye nyekundu. Muuguzi, ambaye alikuwa amesimama pembeni na mashine yake, alisogea bila kuitwa, akafunga mkanda uliokuwepo, akabonyeza. Mashine ilinguruma. Mkanda ukavimba, ukavimba, ukaachia kwa mlio ule ule, ukaanguka juu ya kitambaa chetu kipya cha meza.

"Na ukishikwa kwa mkono usifunguke," muuguzi alisema, "utatoa namba ya uongo. Nimempima mlinzi wetu kwa mkanda usio wake na kwa ulio wake. Yule mtu alikuwa anatembea na ugonjwa mfukoni, na karatasi yetu inasema ni mzima." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mwaka mzima.

"Kesho mngenifanyia hivi mbele ya kamera," Mkurugenzi alisema taratibu.

Bwana Picha angeweza kunyamaza. Angeweza kumtaja muuzaji. Alipiga hatua mbele. "Kosa ni langu, mzee. Mimi nilijaza fomu. Na mama alikuja akaniambia, nikamrudisha akashone. Nilijaza 'wa kawaida'."

"Nani angejaza vingine?"

"Mimi," alisema shangazi.

Mkurugenzi ndiye aliyeanza kucheka, kwa ile sauti yake ndogo, kisha ukumbi mzima. Hata Bwana Picha alicheka, akifuta macho. Kicheko kilipotulia, Mkurugenzi alikuwa ameshika mkoba juu chini, akiutikisa hadi kipeperushi cha mwisho kikaanguka. "Wageni waje kesho kama walivyoalikwa," alisema. "Tutawaonyesha mkoba ulivyo, na mifuko yake mitupu, na tutawaambia ni ya nini. Agizeni mikanda leo. Hakuna mashine itakayotoka hapa mpaka kila mfuko umejaa kitu chake." Akamgeukia shangazi. "Na wewe, Bi Futi, utawafundisha wauguzi wa zahanati hizo namna ya kutumia huo utepe."

"Pindo la meza bado halijaisha, mzee."

"Baada ya pindo."

Mikanda ilifika baada ya wiki tano na siku mbili. Tuliijaza sisi wanne: shangazi, muuguzi, Bwana Picha na mimi, mfuko kwa mfuko, na shangazi alikagua kila mkoba kabla ya kufunga zipu. Kisha wauguzi wa zahanati sitini wakaitwa kwa mafungu, kumi kumi, katika ukumbi ule ule, na mwanamke aliyesema kwamba mdomo wake haujawahi kusikilizwa alisimama mbele yao na utepe shingoni, akawaambia, "Kabla ya presha, mkono. Mkono kwanza. Semeni." Walisema. Aliyesahau alirudia peke yake amesimama.

Wafanyakazi wote walipimwa upya. Sindano alianza dawa, akapata nafuu, akarudisha utani wake wote pamoja na riba. Shangazi alikunywa vikombe viwili vya chai mfululizo, vyenye sukari, mbele ya macho yangu. Siku ya Afya iliyofuata, kila meza ya hema ilikuwa na mikanda mitatu, na kwenye karatasi ya majibu, juu ya namba za presha, palikuwa na mstari mpya: mzunguko wa mkono. Bwana Picha alitaka kumpiga shangazi picha ya kutundikwa kwenye ukumbi wa mapokezi. Alikubali kwa sharti moja, mkoba uwe wazi na sura yake isionekane. Picha hiyo ipo hadi leo: mifuko mitatu iliyojaa, na mkono mmoja mnene ulioshika utepe wa rangi tatu.

Alistaafu mwezi wake ulipotimia, akanikabidhi ufunguo wa droo bila hotuba.

Mwezi mmoja baadaye baba alipatwa na kizunguzungu, mimi na shangazi tukampeleka katika zahanati ya karibu na kwao: chumba kimoja, benchi moja, dirisha lenye wavu uliochanika. Muuguzi alikuwa mgeni pale, binti aliyehamia wiki mbili tu zilizopita. Alipoingiza mkono chini ya meza na kutoa mkoba wa bluu, nilisogea karibu. Nilitazama mshono wa pembeni. Ulikuwa mmoja wa ile niliyofumuliwa mara mbili.

Baba alinyoosha mkono. Shangazi, ambaye hawezi kukaa bure, alianza kumkunjia shati na kutia mkono ndani ya mkoba ili kusaidia.

"Mama, tulia," binti yule alimwambia kwa ukali wa adabu. "Hapa hatufungi tu. Mkono kwanza, halafu presha. Ndiyo utaratibu."

"Samahani, mwanangu," shangazi alisema, akaketi.

Binti alizungusha utepe. Ulikutana kwenye njano. Akafungua mfuko wa kwanza, akatoa mkanda mwembamba, akaufunga ukakaa sawasawa.

Baba alikuwa anatabasamu kwa upande wake mmoja wa uso. "Sista," alianza, "huyu dada yangu unayemgombeza, unajua ni na—"

Shangazi alimfinya paja. "Ukiongea presha inapanda," alimwambia. "Msikilize mwenzio anapima."